Waliopo na Wasiopo

Mama yangu hakuhesabu kuku. Jioni alisimama mlangoni mwa banda na bakuli la chicha la nazi, akiwatazama wanavyoingia mmoja mmoja, na wa mwisho akishapita alifunga kwa gogo na kusema, "Wote wamelala." Asiposema hivyo tulijua kuna aliyekosekana, tukatumwa vichakani kumtafuta kabla giza halijashika. Ukimuuliza wako wangapi, alikutazama kana kwamba umemtukana. Kwake, chenye uhai kikihesabiwa kimeanikwa kwa mahasidi, na lazima kitapungua. Hakuhesabu kuku, hakuhesabu watoto. Mgeni akimuuliza ana watoto wangapi alijibu, "Mungu kanijaalia, ndio hao unaowaona," hata kama walioonekana pale walikuwa wawili na wengine tuko kisimani.

Mimi nikaja kuwa mkunga. Kazi ya ukunga ni hesabu tupu: mapigo ya moyo wa mtoto, dakika kati ya uchungu na uchungu, sentimita za njia, gramu za uzito, na mwisho wa zamu mstari chini ya daftari la wazazi, wa kiume wangapi, wa kike wangapi. Nilianza 1979, nikastaafu 2017. Lakini nikishavua gauni jeupe nilikuwa mtoto wa mama yangu. Nimefuga kuku hapa Muheza miaka yote hiyo bila kujua idadi yao, na sikuona nilichopungukiwa. Nilijua yule mweusi ametaga, yule wa kishingo anaumwa, jogoo ametoroka kwa majirani. Ilinitosha.

Juni 2023 mwanangu wa pili aliniletea watoto wake watatu kwa likizo nzima. Wanaishi Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, mahali ambapo kuku hufika ameshakatwa vipande na kugandishwa kwa barafu. Yule wa kike, wa miaka kumi na mmoja, ni mke mwenzangu. Tuligombania babu yake tangu alipojua kusema, mpaka mzee mwenyewe akatuacha wajane wawili. Anayemfuata ana miaka tisa, tunamwita Fundi, maana hakuna redio aliyowahi kuirudisha na skrubu zake zote. Kitindamimba ndiye mume wangu. Alikuwa na miaka saba, yuko darasa la kwanza, ana pengo la meno mawili mbele. Aliposhuka kwenye basi akaniamkia, niliitikia marahaba kisha nikamuuliza mume gani anatoka safari mikono mitupu, hata kanga moja hakuna. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa biskuti iliyovunjika.

Siku ya kwanza waliwaogopa kuku. Fundi alijifanya jasiri, akamfukuza jogoo kuzunguka michungwa yote, jogoo akachoka kukimbia, akageuka. Tangu hapo Fundi alivaa viatu kwenda uani. Mume wangu aliwaangalia kutoka juu ya ngazi ya jikoni akiwa amekunja miguu, kama mtu aliyezingirwa na mafuriko. Nikampa chicha kwenye kiganja, nikamshika kifundo cha mkono, tukachuchumaa. Kuku wa kwanza alipodonoa aliruka. Wa pili alipodonoa alicheka. Baada ya hapo nazi zangu zilikuwa zinakunwa kabla sijasema tutapika nini.

Wiki haikwisha kabla kila kuku hajapata jina. Jogoo mwekundu aliitwa Konda. Anaita abiria kwenye chakula kwa sauti kubwa, wakishajaa anawasukuma na kujipakia mwenyewe. Kuku wa kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, aliitwa Skafu, kwa kuwa ndicho alichosahau nyumbani. Kidimu, ambaye manyoya yake yamejikunja kwenda juu, aliitwa Ametoka Kulala. Jina refu, nikawashauri walifupishe, wakakataa katakata. Mweusi mwenye madoa, ambaye wakati huo alikuwa ameatamia na alimdonoa kila aliyesogea, aliitwa Madamu. Sikuuliza ni madamu wa shule gani.

Mke mwenzangu ndiye aliyegundua kwamba wana vyeo. Alikaa chini ya mchungwa asubuhi nzima na daftari akiandika nani anamdonoa nani. Skafu anamdonoa Ametoka Kulala, Ametoka Kulala anamdonoa tetea mweupe, tetea mweupe hana wa kumdonoa, anakula mwisho. Jioni baba yao alipopiga simu alisomewa orodha nzima. Baba mtu ni mwalimu, hakosi la kusema: akamwambia kuna mtoto wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeanza kuwachunguza kuku tangu utotoni kwa namna hiyo hiyo, na mwaka 1922 akachapisha utafiti ambao wataalamu wa tabia za wanyama wanautaja mpaka leo. Mke mwenzangu aliposikia hivyo aliniomba daftari jipya. Mimi nilibaki nawaza jambo jingine. Nimewafuga kuku miaka zaidi ya thelathini, na tetea mweupe anakula mwisho mbele ya macho yangu, sijawahi kumwona. Kesho yake nilianza kumtupia punje pembeni.

Yai la kwanza aliloliokota mume wangu mwenyewe nalikumbuka. Skafu alikuwa ametetea nusu saa, akiingia na kutoka kwenye kapu bovu nyuma ya jiko. Tukasubiri mlangoni kama ndugu wa mzazi. Kuku alipotoka akipiga kelele za kujisifu, mtoto akapitisha mkono akalitoa yai likiwa bado na unyevu wa tumboni, na ule unyevu ukakauka hapo hapo kwenye vidole vyake, kama pumzi inavyotoweka kwenye kioo. Akalibandika shavuni. "Bibi, lina homa," akasema. Nikamwambia kuku mzima ana nyuzijoto kama 41, na kwamba binadamu angekuja na 41 ningemlaza wodini bila kumuuliza jina. Fundi akaomba kipimajoto. Nikakificha.

Madamu nilikuwa nimemwekea mayai kumi na matatu siku kumi na mbili kabla hawajafika. Sikuyahesabu, au niseme niliyahesabu kwa vidole bila kutamka, kama tunavyofanya sisi waoga. Kila yai nililichora alama ya mkaa upande mmoja ili kuku wengine wakitagia humo niyajue yao. Mke mwenzangu aliona kitu: asubuhi alama zilikuwa juu, jioni hazipo. Akadhani nimefuta. Tukavizia pamoja, tukamwona Madamu akiinuka kidogo, akipitisha mdomo chini ya tumbo na kuvuta yai kuelekea kwake, akiligeuza, kisha jingine, kisha anajitikisa na kukaa. Hufanya hivyo mara nyingi kwa siku ili mtoto asigande upande mmoja wa ganda. Hilo nalijua kwa wagonjwa wa kitandani. Nimewageuza sana nilipokuwa mwanafunzi.

Usiku mmoja tukayapima kwa tochi ya simu. Unalishika yai kwa vidole viwili ndani ya chumba chenye giza, unalibana kwenye mwanga upande wake mnene. Lenye uhai linakuwa jekundu, mishipa imetapakaa kama mizizi, na ukitulia unaona kitu kinachezacheza. Lisilo na kitu linang'aa manjano tupu. Watoto watatu walinibana mpaka nikakosa pumzi. Mume wangu aliuliza kwa kunong'ona kama aliyemo ndani anatuona. Yai moja lilikuwa viza. Tukalitoa, Fundi akaenda kulipasua mbali, na harufu aliyorudi nayo ilimfanya alale mkekani peke yake.

Siku ya ishirini na moja iliangukia Jumatatu. Tangu asubuhi, ukisogeza sikio kwenye kiota ulisikia wakilia ndani ya maganda, na Madamu akiwajibu kwa sauti nzito ya chini ambayo hakuwahi kuitoa kabla. Adhuhuri ganda la kwanza likawa na nyota. Nikawaonyesha kile kijino kilicho juu ya mdomo wa kifaranga, cheupe, kidogo kama punje ya chumvi, anachotobolea ganda na ambacho hudondoka baada ya siku chache. Walitaka kuona yai linapasuka mara moja kama kwenye katuni. Ikabidi nieleze kwamba kati ya nyota ya kwanza na kutoka kuna saa nyingi, nusu siku na zaidi, na humo ndani kifaranga hajalala: anamalizia kuvuta damu iliyo kwenye utando na kiini kilichobaki, anakiingiza tumboni kiwe posho yake ya siku mbili za mwanzo. "Ukimvuta sasa unamtoa na deni," nilisema. Fundi alikuwa ameshaweka koleo mfukoni. Akalirudisha.

Mpaka alfajiri walikuwa kumi. Yai moja halikutoa sauti wala ufa. Na moja lilikuwa na tundu tangu jana yake jioni, mdomo unaonekana ukipumua, lakini halisogei, na utando umekauka na kuwa wa kahawia kama karatasi ya maandazi. Nimesikia wafugaji wengi wakisema asiyetoka mwenyewe aachwe, ni dhaifu, atakusumbua bure. Huenda kwa mwenye kuku mia tano ni kweli. Lakini mimi nimezalisha, na najua wodi isingekuwa na sababu ya kuwa na mkunga kama kungoja ndiyo dawa ya kila kitu. Ujuzi uko kwenye kujua saa. Nikanawa mikono, nikaomba maji ya uvuguvugu na pamba. Nilikuwa nalowesha ule utando, nasubiri, nabandua kipande cha ganda kama ukucha wa mtoto, natazama kama kuna damu, nasubiri tena. Mara mbili nyuzi nyekundu zilionekana nikaacha, nikamrudisha chini ya mama yake kwa saa nzima. Mke mwenzangu alishika taa. Mume wangu alishika sketi yangu. Saa saba mchana kichwa kikawa nje, na nilijisikia nikisema, kwa sauti ile ile ya miaka thelathini na minane, "Haya, mama, usisukume tena, pumua." Watoto hawakucheka. Akatoka amelowa, mguu mmoja umekunjika, anafanana na kitambaa cha kufutia meza. Nikakiangalia kifua kinapanda na kushuka, na bila kufikiri nikatazama saa ya ukutani, kama ninavyotakiwa kuandika.

Walimwita Nyongeza.

Hapo ndipo hesabu ilipoanza. Jumatano asubuhi nilitoka na kukuta mlango wa banda umeandikwa kwa mkaa, herufi zinapanda na kushuka: Walioandikishwa 11. Waliopo 11. Wasiopo 0. Ndivyo mwalimu wao anavyofanya kila asubuhi pembeni mwa ubao, na mume wangu, ambaye kusoma bado kunamtoa jasho, hayo maneno matatu aliyajua kama jina lake. Alikuwa amesimama pembeni kwa ukakamavu, akingoja nimsifie.

Nilimwambia amefanya vizuri. Kisha usiku, walipolala, nikachukua kitambaa chenye maji nikafuta.

Asubuhi akaandika tena. Alidhani ni umande. Nikafuta tena, naye akaandika tena, safari hii akikandamiza mkaa mpaka ukavunjika. Siku ya tatu nikamwita, nikamkalisha, nikamweleza jinsi mama yangu alivyokuwa. Alinisikiliza kwa adabu. Halafu akauliza, "Sasa bibi, mwalimu akiwa hatuhesabu, atajuaje nani hayupo?" Sikuwa na jibu la papo hapo. Nikamwambia akalete mchwa.

Maana kazi ilikuwa tele. Vifaranga wa kienyeji hawahitaji anasa, ila wanahitaji mtu wa kushinda nao. Wavulana walikwenda na kijembe kwenye kichuguu kilicho nyuma ya minazi, wakarudi na mabonge yenye mchwa, Madamu akayapasua kwa kucha na kuwaita wanawe kwa sauti nyingine kabisa. Chenga za mchele tuliwatwangia. Jua likiwa kali tuliwafunika kwa tenga kubwa, wapate hewa na mwewe asiwapate. Na kuna siku ya chanjo, ambayo niliwaahidi kama wengine wanavyoahidi wajukuu kwenda baharini.

Chanjo ya mdondo siifanyii mzaha. Mwaka 2009, mwezi wa Agosti, nilinunua jogoo mnadani, mzuri kwa kumtazama, nikamwingiza bandani siku hiyo hiyo. Ndani ya siku kumi banda lilikuwa tupu. Walianza kuharisha kijani, wakapooza mabawa, shingo zikajipinda wakawa wanatazama mbinguni. Nilikuwa na elimu ya afya na sikuwa nimechanja, kwa kuwa nyanya zetu hawakuchanja. Nyanya zetu pia walizaa kumi wakazika watano. Hilo tunalisahau tukianza kuwasifu. Siku hizi natumia I-2, inayotengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku asiye mgonjwa tu. Haichachi haraka kwa joto kama chanjo za zamani, ndiyo maana inatufaa wenye majokofu ya kubahatisha. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wangu, kwa hiyo majirani tunachanga.

Tukawakamata alfajiri wakiwa bado kwenye vitagaa. Fundi, ambaye mikono yake haitulii hata akila, alimshika Skafu kama mtu aliyebeba bakuli la supu. Nikamgeuza kuku ubavu, nikamwonyesha mtoto jicho. Wao hufumba kutoka chini kwenda juu, na kabla ya hapo kuna kiwambo kinachopita kwa haraka kama pazia la basi. Nikadondosha tone. Likatuama juu ya mboni, jicho likapepesa, likaingia. "Limekunywa," akasema Fundi. Tulichanja kuku kumi na wanne na hakuna aliyemponyoka. Vifaranga nao kila mmoja akapewa tone lake, Nyongeza wa mwisho, akilia kama amechinjwa. Ubaoni siku hiyo pakaandikwa: Wamechanjwa wote.

Wa kwanza alichukuliwa na kunguru. Nasema kunguru, si mwewe. Mwewe tulikuwa tunamtazama angani, huyu alikuwa ametua juu ya paa la choo muda wote. Ni hawa wa shingo ya kijivu, ambao si wenyeji hata kidogo: waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, inasemekana ili wasafishe takataka za mji, wakavuka na kuujaza mwambao. Alishuka mara moja. Madamu aliruka juu, manyoya yakapeperuka, kwisha. Mume wangu aliona yote. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akatupa mawe mpaka bega likamuuma, kisha akaenda mlangoni, akafuta tarakimu kwa kiganja na kuandika: Waliopo 10. Wasiopo 1. Lile 11 la juu hakuligusa.

Wa pili ni kosa langu. Nilibadilisha chombo cha maji jioni, kile kisahani chenye mawe kilikuwa kichafu, nikaweka bakuli. Kila mfugaji anajua kwamba kwa vifaranga unaweka mawe ndani ya maji ili wakanyage. Nilikuwa nimechoka. Asubuhi, kabla hawajaamka, nilimkuta anaelea, ametanua vibawa. Nikamfunga kwenye kipande cha gazeti, nikamfukia chini ya mchungwa wa pembeni, nikanawa, nikabandika chai. Nilipanga kutosema kitu. Katika wodi za enzi zetu ndivyo tulivyofundishwa: kisichopendeza kiondoe machoni haraka, mtu atasahau.

Lakini alihesabu. Alihesabu mara tatu, akaja jikoni. "Bibi, wako tisa."

"Yule mwingine amekwenda kutembea kwa jirani," nikasema, nikiwa nimempa mgongo.

Nilidhani yameisha. Ilipofika saa nne nikamtafuta, hayupo. Akarudi karibu adhuhuri, peku, nyayo zimeungua na mchanga, kamasi na machozi yamekauka mdomoni. Alikuwa amekwenda nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka kule kwenye reli, kote anapiga hodi, shikamoo, mmemwona kifaranga wetu mwenye kichwa cheusi? Watu wazima wakamsaidia kutazama chini ya meza na nyuma ya matangi ya maji. Nyumba ya mwisho walimpa uji.

Nikamshika mkono nikampeleka kwenye mchungwa. Nikamwambia kila kitu, bakuli, mawe, uchovu, gazeti. Alitazama ule udongo muda mrefu. Hakunilaumu. Aliuliza kama nilimfukia kichwa kikiwa juu. Kisha akaenda mlangoni akaandika: Wasiopo 2.

Usiku huo sikufuta.

Mwaka 1983, mwaka wa ule msako wa wahujumu uchumi, sabuni ikiwa ya foleni na sukari ya kibali, nilijifungua mimba yangu ya tatu. Baba wa hawa watoto alikuwa na miaka miwili. Mtoto aliishi siku mbili. Wenzangu waliokuwa zamu, watu walionipenda, walimchukua nikiwa nimelala ili nisimwone, kama ambavyo mimi mwenyewe nilikuwa nimewachukua wa wengine kwa nia njema. Mume wangu, yule mkubwa, alizika na kaka zake. Nyumbani mama yangu alinipikia uji wa pilipili manga, akanikanda, na alichosema ni kwamba nina wengine wawili, nitazame mbele. Baadaye wakaja watatu zaidi. Kila nilipoulizwa nina watoto wangapi nilijibu kama yeye: Mungu kanijaalia. Watu hudhani ni unyenyekevu. Ilikuwa njia ya kutofika kwenye tarakimu.

Siku ya mwisho kabla ya kuondoka kwao tulipika pilau. Suala la nani achinjwe lilikuwa gumu kwa sababu kila mmoja ana jina, basi tukanunua jogoo kwa jirani ambaye hakuwa na la kuitwa, na walimla mpaka mifupa ikalia. Fundi alipewa firigisi kama mwanamume wa nyumba. Kabla halijaingia sufuriani alilipasua mwenyewe, akakosha vijiwe vilivyokuwamo, na katikati yake akapata kipande cha chupa ya kijani, kingo zake zimesagika mpaka zimekuwa laini kama pipi iliyolambwa. Ndiyo yalikuwa maelezo yangu yote kuhusu kwa nini kuku wanakula mchanga, sikuhitaji kuongeza. Kile kioo amekwenda nacho Dar es Salaam kwenye kisanduku cha kiberiti.

Jioni Konda aliingia, Skafu akaingia, tetea mweupe akaingia akiwa amenenepa kidogo, Madamu akaingia na tisa nyuma yake, Nyongeza wa mwisho akichechemea. Nikashika gogo. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye kinu, kipande cha mkaa kiko mkononi, ameshamaliza kuandika mahudhurio ya siku. Mlango ulikuwa bado na nafasi chini.

"Bibi," akasema, "wewe walioandikishwa wangapi?"

Nilifungua mdomo niseme Mungu kanijaalia. Yeye alikuwa ameshaandika neno Bibi na anangoja tarakimu.

"Sita," nikasema.

"Waliopo?"

"Watano."

Akatoa kwa vidole, akaandika 1 mahali pake. Kisha akainua uso. Kwa mwalimu wao, akanieleza, wasiopo wanaandikwa majina yao pembeni, ili watu wajue. Alikuwa anaitwa nani?

Nilikuwa sijalitamka tangu 1983. Nikamtajia. Hakulisikia vizuri, kuku walikuwa bado wanagombania kitagaa. Akaniomba nilirudie polepole, herufi kwa herufi, asije akakosea.